Usiniambie foleni ni ndefu, niambie meseji ya mbele imesubiri muda gani

Foleni yenye meseji elfu kumi inaweza kuwa nzima kabisa, na foleni yenye meseji arobaini inaweza kuwa imekwama tangu asubuhi. Hili ndo jambo ningetaka kila mtu anayeweka broka ya meseji kama RabbitMQ au Kafka hapa kwetu alishike kabla hajafungua Grafana, programu ya dashibodi, na kuanza kuchora grafu, maana nimeona dashibodi nyingi Kampala hii, maofisi ya Ntinda, Bugolobi, kule Nakawa, zimewashwa kwenye televisheni kubwa ukutani, CPU hapa, memori pale, idadi ya meseji katikati kwa tarakimu kubwa, na hakuna hata grafu moja inayojibu swali la mteja akipiga simu. Mteja haulizi foleni ina meseji ngapi. Anauliza, nimelipa saa tatu asubuhi, mbona mpaka saa hizi haijaonekana?

Kwa wale ambao hawajakutana na hii kitu, broka ya meseji ni programu inayokaa katikati. Programu moja inaleta meseji, broka inaipokea na kuipanga kwenye foleni, programu nyingine, tunaiita konsuma, inakuja kuichukua kwa wakati wake. RabbitMQ ilitoka 2007 na imeandikwa kwa Erlang, lugha iliyozaliwa Ericsson kwa ajili ya mitambo ya simu, na mi naona inaifaa sana kazi yetu ya malipo ya simu. Sisi tunashughulika na fizi za shule na akiba za SACCO. Tangu MTN walete Mobile Money Uganda mwaka 2009 watu wamezoea, mzazi yuko Arua, mtoto yuko bweni Mukono, fizi inalipwa kwa simu jioni baada ya kazi. Kampuni ya simu inatutumia taarifa ya malipo, programu yetu ya mlangoni inaitupa kwenye broka na kujibu hapo hapo kwamba imepokea, alafu nyuma kuna foleni tatu, moja ya kuandika kwenye leja, moja ya kumtumia mzazi SMS ya risiti, moja ya kuijulisha shule.

Uzuri wake ni kwamba mtoa huduma wa SMS akizubaa, malipo hayasimami. Meseji zinajipanga, zinasubiri, mambo yakitulia zinaenda. Na ubaya wake ni huo huo. Broka inameza shida kimya kimya. Ingekuwa programu zinaongea moja kwa moja, kitu kingevunjika mbele ya macho, ungeona makosa kwenye logi, mtu angepiga kelele. Kukiwa na broka hakuna kinachovunjika, kila taa ni ya kijani, seva iko hai, programu ya mlangoni inajibu vizuri, huku malipo ya mzazi yamelala kwenye foleni na shule haijui kama kalipa. Kwa hiyo ufuatiliaji wa broka si kitu cha kuongeza baadaye mradi ukishakua. Ukiweka broka bila macho umejifunga kitambaa mwenyewe.

Mi nimekulia upande wa Tororo, karibu na Malaba, na madereva wa trela pale mpakani wanalielewa hili kuliko mainjinia wengi. Dereva akifika akakuta magari yamejipanga haangaiki kuhesabu ni kilomita ngapi. Anashuka, anamwendea mwenzake wa mbele, anamwuliza, "Kaka, we umefika hapa lini?" Jibu likiwa leo asubuhi anarudi kwenye kabini anatulia, hata kama msururu hauonekani mwisho. Jibu likiwa juzi, anaanza kutafuta pa kununua chakula, hata kama mbele yake kuna magari thelathini tu.

Sasa turudi kwenye RabbitMQ tuone inatupa nini. Kila foleni ina namba tatu za kuangalia kwanza. Ya kwanza ni ready, meseji zinazosubiri kuchukuliwa. Ya pili ni unacked, meseji ambazo konsuma imeshazichukua ila haijarudisha aki, yaani haijathibitisha kwamba imemaliza kazi. Ya tatu ni idadi ya konsuma zilizounganishwa. Watu wengi wanaangalia ready peke yake na hapo ndo wanapotea, kwa sababu kuna kitu kinaitwa prefechi, idadi ya meseji ambazo konsuma moja inaruhusiwa kushika kwa mkupuo kabla haijarudisha aki. Usipoiwekea kikomo, konsuma inaamka, inavuta foleni nzima kwenye memori yake, na kwenye dashibodi ready inaonyesha sifuri. Sifuri safi kabisa! Bosi akipita anafurahi. Kumbe meseji elfu tisa zimekumbatiwa na konsuma moja ambayo inazimaliza moja moja kwa uvivu, na konsuma nyingine ulizoongeza kusaidia zinakaa bila kazi. Ukichora ready na unacked kwenye grafu moja, moja juu ya nyingine, huo ujanja unaonekana mara moja, na hapo unaweka prefechi ya kumi, ishirini, hamsini kulingana na kazi yenyewe.

Idadi ya konsuma nayo ni namba ndogo yenye maneno mengi. Foleni inayotakiwa kuwa na konsuma nne na sasa ina sifuri haihitaji uchambuzi wowote, mtu aamshwe. Ila angalia pia konsuma ambayo imeunganishwa na haifanyi kitu, ipo kama mtu aliyekaa kazini amelala, muunganisho uko wazi, hesabu inaonyesha nne, na hakuna aki hata moja inayorudi. RabbitMQ za miaka ya karibuni zina kikomo cha dakika 30 kwa kawaida, konsuma ikikaa na meseji zaidi ya hapo bila aki chaneli yake, yaani njia yake ya kuongea na broka, inafungwa na meseji inarudi foleni, lakini dakika 30 kwa mtu anayesubiri risiti ni muda mrefu sana, usiutegemee.

Haya, muda. Njia ya haraka ni kugawa. Chukua meseji zote zilizoko kwenye foleni, ready na unacked pamoja, gawa kwa idadi ya aki kwa sekunde, unapata sekunde ambazo meseji inayoingia sasa hivi itasubiri. Foleni ya meseji 12,000 yenye konsuma zinazomaliza 200 kwa sekunde ni kusubiri kwa dakika moja, hakuna tatizo, nenda kanywe chai. Foleni ya meseji 40 ambayo konsuma yake inamaliza moja kwa dakika ni dakika 40. Namba ndogo, maumivu makubwa. Na Prometheus, programu inayokusanya vipimo na kuliza kengele, inafanya kitu kizuri hapa, ukigawa namba kwa sifuri inakupa +Inf, yaani namba isiyo na mwisho, na +Inf ni kubwa kuliko kikomo chochote utakachoweka, kwa hiyo konsuma zikisimama kabisa kengele inalia yenyewe. Sifuri kwa sifuri inatoa NaN, yaani si namba, na NaN hailizi kengele, na ndo unavotaka foleni ikiwa tupu usiku wa manane na hakuna anayelipa.

Hayo ni makadirio lakini. Kipimo cha kweli ni programu ya mlangoni kuandika kwenye kila meseji saa iliyoingia, na konsuma ikimaliza kazi inatoa saa ile kutoka saa ya sasa na kuiweka kwenye histogramu, yaani hesabu ya meseji ngapi zilichukua muda gani. AMQP, lugha ambayo programu zinaongea na RabbitMQ, ina sehemu yake ya muda kwenye meseji ila inahesabu kwa sekunde nzima, kwa hiyo kama unataka kuona tofauti ndogo weka heda yako mwenyewe yenye milisekunde. Na hakikisha saa za seva zote zinaenda pamoja, weka chrony, programu ya kulinganisha saa, maana seva moja ikiwa mbele kidogo utaanza kuona meseji zilizomalizwa kabla hazijatumwa, umri ulio chini ya sifuri, na hapo grafu yote inakosa maana. Muda wote uandikwe kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia, tafsiri ya saa za hapa ibaki kwenye skrini tu. Sisi watu wa Kiswahili tuna saa zetu tayari, mteja anasema saa mbili usiku, simu yake inasema 20:00, logi inasema 17:00, na mtu wa zamu akiwa na usingizi hizo tatu zinaweza kumfanya atafute tatizo kwenye saa ambayo halikuwepo. Tumeandika kabisa kwenye dashibodi, pembeni, saa zote zilizo hapa ni za Kampala.

Kwenye histogramu usiangalie wastani. Wastani unampendelea aliyehudumiwa haraka na kumficha aliyesahaulika. Ukiwa na malipo 1,000, na 950 yamemalizwa kwa sekunde moja, na 50 yamekaa dakika kumi, wastani unakuambia kama sekunde 31, namba ambayo hakuna mteja hata mmoja aliyeipata. Angalia asilimia 95 na asilimia 99, yaani muda ambao malipo 95 au 99 kati ya kila 100 yamemalizwa ndani yake, Prometheus inakutolea kwa histogram_quantile, na kwenye ile 99 ndo unawaona wale hamsini. Wale hamsini ni watu. Kuna mmoja kati yao ambaye mtoto wake amesimama getini.

Ila kuna mtego hapa na naomba usome polepole. Histogramu ya konsuma inahesabu meseji zilizomalizwa tu. Konsuma zikikwama kabisa hakuna meseji inayomalizwa, hakuna umri mpya unaoandikwa, na grafu yako nzuri ya asilimia 99 inakatika tu, haipandi, haiwi nyekundu, inakuwa tupu. Kwa hiyo unahitaji vyote viwili, ule mgawanyo wa makadirio unaoona kilichoko ndani ya foleni, na histogramu inayokuambia ukweli wa vilivyotoka. Kimoja bila kingine ni nusu ya picha.

Kuviweka si kazi ngumu. RabbitMQ kuanzia toleo la 3.8 inakuja na plagini ya Prometheus ndani yake, unaiwasha kwa amri moja, rabbitmq-plugins enable rabbitmq_prometheus, na vipimo vinaanza kutoka kwenye poti 15692. Poti hiyo kwa kawaida haiulizi nenosiri, kwa hiyo ifunge kwenye faiawoli, iachie seva ya Prometheus tu. Kitu cha kwanza kitakachokushangaza ni kwamba ukifungua /metrics unapata jumla ya seva nzima, foleni zote zimejumlishwa, na jumla hiyo haikusaidii kujua kama iliyokwama ni ya SMS au ya leja. Wamefanya hivo makusudi, mtu mwenye foleni elfu nyingi akichukua vipimo vya kila moja anaielemea broka yenyewe. Kama una foleni chache kama sisi unaweza kuchukua kwenye /metrics/per-object, lakini mi napendelea /metrics/detailed, unaitaja familia unayotaka, queue_coarse_metrics kwa ajili ya ready na unacked, queue_consumer_count kwa ajili ya konsuma, na inakupa hizo tu. Prometheus ipite kila sekunde 15. Chini ya hapo hupati kipya cha maana, na kwenye rate(), hesabu ya Prometheus ya kasi kwa sekunde, tumia dirisha la dakika moja au zaidi, dirisha likiwa dogo grafu inarukaruka.

Watu wananiuliza kwa nini nisitumie tu ule ukurasa wa usimamizi wa RabbitMQ kwenye poti 15672, si una grafu tayari? Una grafu, ndiyo, na ni mzuri ukiwa umekaa unaangalia kitu kinachotokea sasa hivi. Ila unahifadhi historia ya muda mfupi tu, ndani ya memori ya broka ile ile unayoifuatilia, na seva ikianguka inaondoka nayo. Saa unayoihitaji historia ndo haipo.

Sasa muda gani ni mrefu? Hapa ndo mainjinia tunapenda kuchagua namba kichwani, tunaandika 300 au 600 kwenye faili la konfigi kwa sababu zinapendeza. Mi nilienda kumwuliza mhasibu wa shule moja ya bweni, mama mtu mzima ambaye amekaa kwenye dirisha la malipo miaka mingi. Nikamwamkia, nikamwuliza, "Mama, mzazi akishalipa kwa simu na kwako haijaonekana, unaweza kumwambia asubiri mpaka lini?"

Akanijibu bila kufikiri. "Mwanangu, dakika tano nitamwambia akae pale kwenye benchi. Zikizidi hapo ananionyesha SMS ya simu yake mbele ya watu, na nyuma yake wamejipanga wengine. Siku ya kufungua shule siwezi kubishana na mtu aliyelipa."

Dakika tano. Hiyo ikawa namba ya foleni ya kuijulisha shule, na kengele ya kwanza inalia kwenye dakika mbili ili tuwe na dakika tatu za kufanya kitu kabla mama hajaanza kubishana na watu. Foleni ya leja nayo ina watu wake, ripoti za SACCO za usiku zinaweza kungoja saa nzima bila mtu kuumia, na kuamsha mtu saa nane usiku kwa ajili yake ni kumwonea. Ningependa sana timu zetu ziwe na tabia hii, kila foleni ina mtu mwisho wake, nenda ukamwulize yeye anaweza kusubiri muda gani, ukiwa na jibu lake una kikomo ambacho hata bosi hawezi kukubishia. Na kama umetafuta na hukumpata mtu mwisho wa foleni, jiulize ile foleni iko pale kwa ajili ya nani.

Kuna upande mwingine ambao watu wanausahau, kimya. Kengele zote tulizozitaja zinalia kitu kikijaa. Je kisipoingia kitu? Jumatatu ya wiki ya kufungua shule, saa tano asubuhi, na hakuna malipo hata moja yanayoingia, foleni zote ni tupu, umri ni sifuri, dashibodi nzima ni ya kijani kama shamba la chai. Hilo ni janga, kuna kitu kimekatika kabla hata hakijafika kwetu. Kwa hiyo pima pia meseji zinazoingia, na zilinganishe na wiki iliyopita saa hiyo hiyo, Prometheus ina offset 1w kwa kazi hiyo. Ila hapa kwetu wiki iliyopita si kipimo kizuri kila wakati, kwa sababu fizi zina majira. Mwaka una mihula mitatu, wiki ya kufungua haifanani na wiki ya kabla yake, na wiki ya tano ya muhula haifanani na yoyote kati ya hizo. Kulinganisha vizuri unatakiwa uiweke wiki ya kufungua ya muhula huu karibu na wiki ya kufungua ya muhula uliopita.

Na hapo unakutana na kitu ambacho wengi hawajakigundua, Prometheus kwa kawaida inatunza data siku 15 tu alafu inafuta. Siku 15! Muhula mmoja ni kama miezi mitatu, kwa hiyo kila muhula unaanza bila kumbukumbu ya uliopita. Ongeza kwenye --storage.tsdb.retention.time, weka mwaka na zaidi, na usiogope diski. Piga hesabu nami, kipimo kimoja kila sekunde 15 ni sampuli 5,760 kwa siku, ukiwa na mistari 1,000 ya vipimo ni sampuli milioni 5.76, kila moja inachukua baiti moja mpaka mbili ikishabanwa, hiyo ni kama MB 6 mpaka 12 kwa siku. Mwaka mzima haufiki GB 5. Simu yako ina picha za harusi zaidi ya hapo.

Diski ya broka yenyewe ndo ya kuiogopa. RabbitMQ ina alamu zake mbili za ndani, ya memori na ya diski. Kwa miaka mingi kikomo cha memori cha kawaida kilikuwa 0.4, yaani kwenye seva ya GB 4 ikifika GB 1.6 inashtuka. Ile ya diski kwa kawaida ni MB 50 zilizobaki, kiwango kidogo mno kwa seva ya malipo, kipandishe, weka GB kadhaa. Alamu moja ikiwaka, broka inafunga mlango kwa wanaoleta meseji na kuwaachia wanaochukua waendelee kupunguza mzigo. Ni ulinzi mzuri. Lakini ukikaa upande wa programu ya mlangoni unachoona ni kwamba kutuma kunagandisha, hakuna kosa, hakuna jibu, kampuni ya simu inangoja mpaka inachoka, inajaribu tena, malipo yale yale yanakuja mara mbili, mara tatu. Na kama ni klasta, yaani seva kadhaa zikifanya kazi kama broka moja, alamu ya nodi moja, seva moja kati ya hizo, inawafungia watumaji wa klasta nzima. Vipimo vya alamu hizi vipo, rabbitmq_alarms_memory_used_watermark na rabbitmq_alarms_free_disk_space_watermark, ikifika 1 tayari umechelewa, kwa hiyo weka kengele yako mapema zaidi, memori ikifika robo tatu ya kikomo, diski ikiwa bado ina nafasi ya siku moja.

Alafu foleni ya meseji zilizoshindikana. Kuna meseji ambayo haiwezi kufanyiwa kazi hata ufanyeje, labda namba ya mwanafunzi ina herufi ya ajabu, konsuma inaichukua, inaanguka, inairudisha, inaichukua tena, na mzunguko huo unakula nguvu yote ya konsuma huku meseji nzima zikingoja nyuma. Weka kikomo cha majaribio, zipeleke foleni yake pembeni, na hiyo foleni ya pembeni iwe na kengele kuanzia meseji moja, moja tu, mchana siyo usiku. Nimekuta mahali wana foleni ya pembeni imekaa tangu mradi uanze na hakuna anayejua kilichomo. Kila meseji mle ni mtu aliyelipa.

Watumiaji wa Kafka msidhani mmepona. Nyie mnaita lagi, tofauti kati ya ofseti ya mwisho, yaani namba ya meseji ya mwisho iliyoingia, na mahali konsuma ilipofikia, na ni ule ule urefu wa foleni kwa jina jingine, igeuzeni muda vile vile. Nyie mna hatari ya ziada, Kafka inafuta data ikifika umri wake, kwa kawaida saa 168 yaani siku 7, iwe imesomwa au haijasomwa. Konsuma ikilala wiki nzima, data inaondoka.

Tuje kwenye kengele zenyewe, zinafikaje kwa mtu. Nimeona timu zinatuma kila kitu kwenye kundi la WhatsApp, meseji mia kwa siku, kila mtu kalizima kundi. Kengele ya usiku iwe chache na kila moja iwe na kitu mtu anaweza kukifanya akiwa na laptopu kitandani, kama hakuna cha kufanya mpaka asubuhi basi ingoje asubuhi. Na isitegemee intaneti peke yake. Waliokuwa kazini Januari 2021 wanakumbuka, intaneti ilizimwa nchi nzima siku moja kabla ya uchaguzi wa tarehe 14, ikakaa hivo kwa siku kadhaa, na kila kengele iliyokuwa inapita WhatsApp au barua pepe ilikuwa haina pa kupita. Sisi tuna modemu ya GSM yenye laini ya kawaida, imechomekwa USB kwenye mashine ndogo ofisini, inatuma SMS kwa programu ya Gammu. Ni kitu cha bei ndogo na kinafanya kazi fiba ikikatwa na watu wanaochimba barabara, jambo ambalo Kampala halihitaji uchaguzi.

Ila modemu hiyo ofisini nayo ina haja ya umeme, na Prometheus ikizima hakuna kengele kabisa, kimya ambacho kinafanana sana na usiku mwema. Kwa hiyo geuza mambo, weka kengele moja ambayo inalia daima, kila dakika chache, na mahali pengine kabisa, seva nyingine, nchi nyingine ikibidi, kuwe na kitu kinachoisikiliza. Ikinyamaza, hicho kitu ndo kinapiga simu. Prometheus isikae seva moja na broka, banange, hilo nadhani halihitaji maelezo.

Vyote hivi usiviamini mpaka uvione vikifanya kazi. Chagua mchana wa kawaida katikati ya muhula, waambie wenzako, zima konsuma za SMS kwa mkono, kaa na saa. Je kengele imelia? Imelia baada ya muda gani? Imemfikia nani? Huyo aliyefikiwa amejua afungue wapi? Kwenye mazoezi kama haya mara nyingi grafu zinakuwa sawa, konsuma zinaonekana zimekufa, kila kitu kizuri, na SMS inaenda kwenye laini ya mtu ambaye alishaacha kazi. Grafu haiwezi kukuonyesha hilo. Kuna pia PerfTest, programu ya watu wa RabbitMQ wenyewe ya kuisukumia broka mzigo, itumie kwenye seva ya majaribio ujue konsuma zako zinachoka kwenye meseji ngapi kwa sekunde kabla wiki ya kufungua haijakuonyesha.

Na kitu cha mwisho tulichokiweka ndo ninachokipenda kuliko vyote, malipo ya kuigiza. Kila dakika programu ndogo inatuma malipo ya shilingi 500 ya mwanafunzi asiyekuwepo, yanaingia mlangoni kama malipo mengine, yanapita broka, leja, SMS inaenda kwenye ile modemu yetu, na tunapima tangu yalipotumwa mpaka SMS ilipopokelewa. Safari nzima, mlango mpaka mkononi. Foleni zote zinaweza kuonekana nzima na hii ikakuambia sekunde 400, basi kuna kitu kati ya foleni na foleni ambacho hujakiwekea macho. Ukiiweka, mwanafunzi huyo mpe shule yake ya peke yake kwenye mfumo, na mwambie mhasibu wa ofisi mapema, ili zile shilingi 500 za kila dakika azitoe kwenye hesabu za mwisho wa mwezi.